Chai ya Moto Ndani ya Chumba cha Picha

Da Lat,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi Thoa,

Pokea salamu zangu na za mama kutoka huku kwenye ukungu wetu. Natumai Osaka haikuchoshi sana, na wale wazee unaowahudumia wanakula bila kukusumbua. Mimi mzima. Hali ya mama sikufichi: ini limemshinda, na daktari ametuambia tukae naye tu nyumbani. Uji anakunywa, na maneno bado anayo. Jana kanisuta kwamba supu yangu ni maji ya kuoshea bakuli.

Uliponipigia simu ulinicheka. Eti sisi tuliokulia kwenye mashamba ya kabichi, leo Mien anataka picha za bibi harusi kwenye mgahawa wa chai wa Kifaransa wa kizamani? Ziwa lina kasoro gani, na misonobari je? Nilikuacha ucheke. Leo nakujibu.

Unajua Mama Luan alivyotufungia mlango, mimi na mchumba wangu. Kwa hesabu ya wazee nina miaka ishirini na sita, umri wa mkosi, na hataki mkwe aingie kwake na mkosi. Tungoje mwakani. Nikamwambia mama yangu hafiki mwakani, na akishaondoka ni maombolezo ya miaka mitatu, hakuna kuolewa. Akajibu kwamba anamhurumia sana, lakini mwanawe ni huyo huyo mmoja. Luan alimbembeleza mpaka akachoka. Aliruhusu picha tu, maana picha si harusi. Kila mtu hupiga mapema.

Nikasema sawa, picha. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri.

Watu wa picha walitupeleka kwenye mgahawa huo, lile jumba la zamani kilimani. Mapazia ya lesi, vikombe vya maua ya waridi, birika la fedha ambalo si fedha. Gauni la kukodi lilinipwaya, wakalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo na kunionya nisigeuke. Mama tulimleta kwa kiti cha magurudumu, tukasema anataka kutazama. Mama Luan naye akaja, kulinda heshima ya mwanawe. Mpiga picha, Bwana Tuong, akanipa birika nijifanye namimina. Ndani mlikuwa na maji baridi yaliyotiwa rangi.

Nikayamwaga kwenye chungu cha maua. Chini ya meza nilikuwa nimeficha chupa ya chai kutoka nyumbani, nikaitoa, nikamimina chai yenyewe, ya moto. Luan akaja ubavuni kwangu kama tulivyopatana. Tukapiga magoti mbele ya mama na kumpa kikombe kwa mikono miwili, kama maharusi wa kwetu wanavyowapa wazazi chai siku ya ndoa. Kibanio kimoja kikaruka, kikampata Bwana Tuong tumboni. Hakuna aliyecheka.

Mama alielewa kabla sijafungua mdomo. Akanywa. Kisha akatoa kwenye leso hereni zake za dhahabu, zile alizovishwa na bibi siku ya harusi yake, akanivisha mwenyewe.

“Nimekuoza,” akasema. “Mtunze mumeo. Na supu uitie chumvi.”

Ndiyo siri yangu hiyo, dada. Ziwani nani asingeshangaa kuona birika? Wote wangeshangaa. Kwenye mgahawa wa chai hakuna anayeuliza. Mimi sikuigiza, niliolewa palepale, na sijuti hata chembe. Kinachoniuma ni kwamba hukuwepo.

Nikageuka, mgongo wazi, nikijua Mama Luan atamshika mwanawe mkono waondoke. Alikuwa amesimama amekumbatia mkoba wake. Alimtazama mama. Halafu akavuta kiti, akaketi kando yake, akamfunika shali vizuri mabegani.

“Harusi ni mwakani,” akasema. “Leo ni picha tu.”

Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

“Haya, mkwe, changu kiko wapi? Nataka cha moto.”

Basi wakikuuliza huko, sema mdogo wako kapiga picha tu. Nitakutumia zote. Ile ya Mama Luan na kikombe mdomoni imetoka na ukungu, maana mvuke wa chai ulimfunika uso. Hiyo ndiyo nitakayoitundika. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi.

Ni mimi mdogo wako, mke wa Luan,
Mien