Ukuta wa Kiwanja cha Junda

Jumamosi, 1 Februari
Nimehesabu tena kiwanjani baada ya alasiri. Wavulana ishirini na sita, mpira mmoja. Wasichana wanne, wamesimama pembeni. Mmoja wao ni mdogo wangu Rukia, ana miaka kumi. Ng'ambo ya njia ni maskani ya vijana, wanaposhinda wakipiga soga. Msichana akikimbia, wanampigia mbinja. Basi hawakimbii.
Kamati ya mtaa inataka kukifanya kiwanja kiwe uwanja wa watoto, na imeomba mchoro shuleni kwetu. Mwalimu alinitazama mimi. Niliitikia kwa kichwa. Nimepima upana kwa kamba ya kuanikia nguo.
Mama ashasema. Mbinja zikiendelea, baada ya Idd Rukia hatoki nje kucheza.

Jumanne, 4 Februari
Nimewauliza wasichana wanataka nini. Nilidhani pembea. Wanataka kucheza nage, kurushiana mpira na kuukwepa, bila kutazamwa.
"Na uweke mlango wa kuwafungia wavulana nje," Rukia akasema. Wakacheka mpaka wakakaa chini.
Nimechora ukuta upande wa maskani, kimo cha bega la mtu mzima. Ndani yake, banda na viti virefu vya akina mama. Kila jioni wanasuka milangoni mwao makuti ya kuuza. Wakisukia pale, patakuwa na mtu mzima siku zote. Ukuta bila akina mama haufai. Nimeyaandika hayo nyuma ya karatasi.

Alhamisi, 13 Februari
Kikao cha kamati. Nimefedheheka.
Mwenyekiti aliushika mchoro mbali na macho. Ukuta aliupenda, sitara kwa watoto wa kike. Kisha akaliona banda. "Na akina mama wakihamia uwanjani, sisi tutapikiwa na nani?" Wazee wakacheka.
Kahindi, ninayekaa naye dawati moja, alinisukuma kwa kiwiko. "Sema, dada. Ndiwe uliyechora."
Jawabu nilikuwa nalo. Wanasuka hata sasa, na chakula kinapikwa. Ingetosha kuigeuza karatasi, nilikuwa nimeyaandika. Nikasema, "Sawa, mzee."
Nimelirudia hilo neno njia nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Waashi wamemaliza. Banda hawakulijenga. Ukuta ni mrefu kuliko nilivyochora. Unanipita kichwa. Rukia aliupapasa mwanzo hadi mwisho. "Huu ni wako?" Nikasema ndio. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Robo saa hivi.

Jumatano, 19 Machi
Vijana wamehama maskani. Wamo ndani, nyuma ya ukuta. Kuna kivuli na hakuna anayewaona. Asiyefunga mwezi huu wa Ramadhani alikuwa hana pa kulia chakula mchana. Sasa anapo. Nimeona maganda ya ndizi, vijiti vya muguka uliotafunwa, chupa za soda.
Nimemwandikia mwenyekiti barua kuhusu viti vya akina mama. Nilimpa mkononi. Aliikunja bila kuisoma, akasema inshallah.

Jumatatu, 31 Machi
Idd. Rukia alivaa gauni la kijani, akatoka na mpira wake kwenda kiwanjani. Alirudi kabla chai haijapoa.
Alinieleza mimi peke yangu. Vijana walikuwa watano. Mmoja alimwambia, "Karibu, mrembo, huku hakuna anayekuona." Alikimbia. Kiatu kimoja kikamtoka, akarudi kukichukua, wakacheka.
Maskani yao ilipokuwa nje, walipiga mbinja tu. Watu wote walikuwa wanaona.
Nilimwambia Mama. Ilibidi. Amekata shauri, Rukia hatoki tena. Kisha akauliza, "Ukuta ule, ni nani aliyeufikiria?" Nikainama nikaendelea kuosha vikombe. Rukia anajua. Hakunitaja.

Jumatano, 2 Aprili
Nilikwenda kwa mwenyekiti kumwomba waupunguze ukuta. Safari hii nilisema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kamati haina tena pesa. Halafu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si wewe uliyeutaka?"

Jumapili, 6 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Rukia amejifunza kusukuma chapati. Za kwanza zilikuwa na pembe, hizi za leo ni duara.
Baada ya kula aliniletea mpira nimwekee juu ya kabati, yeye hafiki. Nikamwambia nitauweka chini ya kitanda, atauchukua akitaka.
Akasema juu ni sawa.