Sahani ya Zita

Mbuba, Ngara
Dominika ya Pili ya Majilio

Mdogo wangu Tecla,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako huko Muyinga, pamoja na shemeji na watoto. Shikamoo uliyomtuma Habimana imenifika, nami naipokea kwa marahaba. Mgongo unanisumbua, lakini kanisani bado nafika kwa miguu yangu, namshukuru Mungu. Nakuomba uketi usome taratibu, kwa kuwa ninayoandika ni mazito.

Mkwe wetu Zita, mke wa mwanangu Anold, yu karibu kujifungua, na damu yake imepungua sana. Wauguzi wa hospitali ya Rulenge wamesema wazi kwamba akijifungua katika hali hii huenda tukamkosa. Vidonge vya kuongeza damu anavimeza, kisha anavitapika.

Juma lililopita alitufikia binti mtafiti, Anneth, mtoto wa mzee Ngassa wa Biharamulo. Analinganisha chakula cha Tanzania na cha Burundi tangu miaka ya uhuru hadi leo, apate kujua kila nchi inawapatia watu wake madini kiasi gani: chuma cha kujenga damu, zinki na mengineyo. Alinionyesha mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa kila nchi, ikipanda, ikishuka na kupishana. Kila mstari wetu ulipokuwa juu nilifurahi, nikikumbuka unavyotutambia maharage ya huko kwenu. Kisha nikamwuliza kama mstari ule unajua kilichofika katika sahani ya Zita. Akajibu kwa adabu kwamba haujui. Chakula cha nchi nzima hugawanywa kwa vichwa, kana kwamba kila mdomo umekula sawa. Akaomba abaki tule pamoja.

Siku hiyo tulikuwa tumechinja mbuzi. Zita akatupakulia nyama sisi wanaume na mgeni, ini akaniwekea mimi, naye akarudi jikoni na ugali wa muhogo na mboga za majani. Anneth akauliza sababu. Anold akacheka, akasema mwanamke akila mbuzi huota ndevu. Binti yule akainua kidevu, akamwambia kwamba yeye anakula mbuzi tangu alipoota meno, basi shemeji asogee azitafute hizo ndevu. Tulicheka sote isipokuwa Zita.

Mimi nilidhani mwiko huo ulizikwa na bibi zetu. Jioni nikamwita mbele ya wifi yako Frida, nikamfundisha, kama nilivyowafundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa miaka yote, kwamba Mungu amevitakasa vyakula vyote. Alisikiliza akiwa amepiga magoti. Akasema anaamini, ila neno lile alipewa na shangazi chumbani siku ya harusi, na baba mkwe hana uwezo wa kulitengua. Kisha akalia, akatuambia jambo ambalo hata mumewe halijui. Mwaka jana, kabla mimba ile haijatoka, alionja mchuzi wa mbuzi kwa siri. Tangu hapo anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe.

Shangazi huyo ni wewe, Tecla. Sikulaumu, ulimpa ulichopewa na mama yetu. Lakini sasa utii wake kwako unammaliza. Frida amembembeleza, Padre amekuja, naye Zita huinamisha kichwa na kuisukuma sahani. Nilitaka kukupigia simu, akasema sauti peke yake haitoshi. Anataka akuone ukila.

Mbuzi mwingine nimemfunga uani. Ukifika, usianze na mahubiri, hayo nimekwisha kuyamaliza mimi. Ketini wawili jikoni, ulikate ini vipande viwili, na kipande cha kwanza ule wewe mbele yake. Najua hujaionja nyama hiyo maisha yako yote, na najua unaiogopa. Iogope, mdogo wangu, lakini ule.

Frida anakusalimu, na anakutandikia kitanda. Habimana aliyekukabidhi barua hii nimemwambia asiondoke mlangoni pako bila wewe.

Akubariki Mungu Mwenyezi, akuvushe mpaka salama.

Ni mimi kaka yako,
Xavery