Sweta ya Baba Yako Imewekwa Makumbusho

Mtaa wa Tannery, namba 14,
Ashwick, Lancashire.
9 Novemba

Mwanangu mpendwa Lorna,

Hujambo mama? Mumeo Grant hajambo, na mgongo wake? Huku kaka yako Clive ni mzima, ila goti ndilo hilo. Mkewe Shazia anakusalimu sana, kila Ijumaa ananiletea wali. Pacha wao wameota meno ya mbele, wanauma kila kitu. Shangazi Mavis anakusalimu, masikio hayasikii tena mpaka umpigie kelele. Hata paka anakula. Mimi nami ni mzima, nalala, naamka, nakula ninachopewa. Usiwe na wasiwasi. Je, unavaa soksi? Najua huko kwenu ng'ambo joto limeanza, vaa tu.

Kazini bado naenda, kwenye nyumba ya marehemu Bibi Euphemia Garside, iliyofanywa makumbusho. Nakaa kwenye kiti changu chumba cha juu, alikoandikia vitabu vyake vinene, nalinda watu wasiguse. Mwaka jana yalikuwa maonyesho ya kofia zake, watu wakacheka sana. Mwaka huu ni maonyesho ya msiba wake, alipofiwa na mumewe. Vioo vimefunikwa, saa imesimamishwa, kama desturi ya msiba ya zamani zao, gauni lake jeusi limevalishwa sanamu isiyo na kichwa. Na pete yenye nywele za marehemu.

Sasa Bi Imogen, mkuu wetu, aliwaomba watu wa mji walete kitu kimoja kimoja cha marehemu wao, kikae pamoja na vya Bibi Garside. Nikapeleka sweta ya baba yako, ile ya kijani uliyomfumia ukiwa shule, mkono mmoja mrefu. Sikufikiri sana. Ilikuwa kwenye kiti chake, nikaichukua.

Sikujua wanaanza na friza. Kitu chochote cha sufu kikiingia pale hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa wiki mbili, nondo wafe. Pauline wa mlangoni akaniambia, "We Edna, mumeo Wilf angekubali kugandishwa pamoja na njegere?" Nikacheka, maana ndivyo angesema mwenyewe. Kisha kicheko kikaisha, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

Ndivyo nilivyo, mwanangu. Tangu mazishi sijalia. Moyo umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Nangoja uanze kuwasha, hauwashi.

Sweta iko kwenye kabati la kioo mbele ya kiti changu. Juzi walikuja kina mama wawili wa Bolton. Mmoja akasema, "Ebu tazama mkono huo! Aliyefuma alikuwa amelewa?"

Nikamwambia, "Alikuwa na miaka kumi na mmoja, bibie. Na usiegemee kioo."

Akasema samahani, wakaenda kunywa chai. Nikakaa tena.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi, na Bi Imogen anaomba sweta ibaki kwao moja kwa moja. Itatunzwa vizuri kuliko nitakavyoweza, haitaliwa na nondo, wajukuu wa pacha wataiona. Lakini ikibaki, hakuna atakayeigusa tena ila mwenye glavu, hata mimi, hata wewe. Na wewe hukuwahi kuja kumzika, kwa vile ndege zilikuwa zimesitishwa. Tangu afariki hujashika chochote chake.

Nikamuuliza Bi Imogen kama friza inaua harufu pia. Akasema hadhani, wala hawakuifua, kufua ni mwiko kwao. Alifungua kabati nikajaribu kuinusa. Nikafika karibu, nikarudi nyuma. Nikikuta harufu yake sijui itakuwaje, na nisipoikuta pia sijui. Nikamwambia funga.

Clive anasema iachwe. Shazia anasema mwenye neno ni aliyefuma. Mimi sina neno, mwanangu, nimelitafuta sikulipata.

Msalimu Grant, mwambie asibebe vitu vizito. Mungu akuweke, akufunike vizuri usiku.

Niandikie upesi, au mpigie Clive aniambie: ibaki, au irudi? Ukisema irudi, nitaiweka kwenye kiti chake vilevile, na sitaifua mpaka uje uinuse wewe kwanza.

Mimi mama yako anayekuwaza kila saa,
Edna