Neno Alilolitaka Mama

Mume wangu Chabani, huko Kigoma,

Hapa mtaani kwetu Jabe tuko wazima, na risasi zimepungua. Ninajifunza kufundisha watu wazima kusoma. Mwalimu wetu anasema tuanze na neno analolitaka mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi wangu ni mama yako, na alitaka jina la mdogo wako, Khaled.

Nisamehe. Kila nilipomsomea barua yako, pale ulipoandika kwamba Khaled amefariki kambini, nilikuwa nakohoa, nauruka mstari huo.

Jana, alipolijua lile jina, aliitoa barua chini ya mto wake wa kulalia, akatafuta, akaweka kidole, akaniita kwa jina:

“Sijaona, mwanangu, kumbe ni hapa unakohoaka. Leo usikohoe. Soma.”

Nikasoma yote. Tulilia, tukamwombea dua.

Leo asubuhi ameomba neno la pili. Hapo chini ni mwandiko wake.

Mkeo, Sijaona

CHABANI