Wingu Pembeni ya Nyota Tatu

Jadotville (Likasi), 4 Novemba 1962

Baba mupenzi,

Jambo sana. Mugongo unaendeleaje? Minye niko muzima, na wanafunzi wangu pia.

Ile télescope Père Germain, padri wa misioni, aliniachia aliporudi kwao, sasa napigia nayo picha za nyota. Pembeni ya nyota tatu za mustari kuna mawingu mawili ya mwanga, mbali sana kule kwenye nyota. Moja linawaka lenyewe. Lingine linarudisha tu mwanga wa nyota jirani, hafifu kabisa. Hilo la pili linanishinda. Taa za usine, kiwanda kizima, zinajaza weupe plaque yangu, kile kioo cha picha. Baba, ni courant yako hiyo, umeme munaotengeneza huko!

Mutoto wako, Simone

Mwadingusha, 18 Novemba 1962

Simone mama,

Salamu nyingi. Mugongo unauma, lakini kazini naenda. Weye unataka nizimishe turbine, mashine ya umeme, juu ya wingu? Watanifunga! Sikiliza: vita inakaribia. Askari akiona chuma ile ndefu uani, atazania ni muzinga. Ifiche. Minye niko na mutoto mumoja tu, weye.

Baba yako, Philippe

Jadotville, 6 Januari 1963

Baba,

Uko muzima? Madaraja ya muto Lufira yamevunjwa, barua hazipiti. Hii nampa dereva wa misioni. Nijibu hata neno moja.

Mbele ya Mwaka Mupya courant ilikatika, muji wote giza. Nililia juu yako, nikizania vita imefika kwenye turbine zako. Halafu mvua ikapumua, mbingu ikafunguka, na sikuweza kukaa ndani. Niliweka plaque, nikazungusha vis ya télescope polepole kufuata nyota mpaka vidole vikafa ganzi. Askari wawili wakapita.

"Nani huko?"

"Mwalimu! Napiga picha ya nyota!"

Walicheka. Mumoja akaingia kuchungulia, akasahau kwenda.

Asubuhi nikasafisha plaque kwa dawa, picha itokee. Baba, liko! Wingu la pili liko, kama pumzi kwenye kioo! Nilipiga kelele mpaka jirani Henriette akakimbilia kwangu na mwiko mukononi. Picha ndiyo hii.

Mutoto wako, Simone

Mwadingusha, 27 Januari 1963

Simone mama,

Niko muzima! Siku za vita minye na wenzangu wa kazi tulikimbilia kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, walitulisha vizuri. Barua yako sikuisoma kwanza. Niliangalia picha mpaka macho yakajaa maji.

Nimeipeleka kanisani. Kila muntu anauliza, "Philippe, hii ni nini?" Nasema, "Ni mwanga wa mbali kabisa, binti yangu ameukamata." Sauti imenikauka kwa kusema.

Courant karibu itarudi, na minye ndiye nitaifungua; taa za usine zitajaza tena plaque zako weupe. Lakini ng'ambo ya ziwa hakuna taa hata moja, na wavuvi wametupatia nyumba. Kuja na télescope na vyombo vyako vyote. Wanakungojea, wamekwisha kugombana nani ataangalia wa kwanza.

Baba yako, Philippe