Kiti Chako na Lori la Majani Chai

Arap Lelei, mpinzani wangu,

Natumaini huko uliko hakuna uchaguzi. Kama upo, umeshashinda, kwa hiyo siulizi.

Nimekaa kibarazani na chai yangu. Mama Cheptoo anapitapita na ufagio akitaka kujua namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Amesema, "Ai, hata akiwa amelala humwachi?" Unamjua huyu mke wangu. Kila kampeni ulinitukana kwa kipaza sauti asubuhi nzima, halafu mchana ukaja kwake kunywa mursik, yale maziwa yake ya mgando, naye akakumiminia kibuyu kizuri, kile ambacho mimi mwenye boma sipewi.

Tangu tukuzike, ng'ombe wako wa madoa amezaa. Barabara ya kwenda kituo cha majani haijabadilika. Juzi lori la kiwanda limekwama tena pale kwenye kona, majani yakalala humo yakachemka, yakatupwa. Na kiti chako cha bunge kiko wazi.

Ndiyo shida yangu. Wazee wamekuja hapa wakaniambia, "Mwalimu, hiki kiti umekililia miaka yote. Mwenyewe ameondoka. Unakitaka ama hukitaki?" Wanataka jibu Ijumaa, pale kituoni, mbele ya watu.

Ungecheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda nyuma ya zizi, na huko sikucheka.

Sijui kugombea bila wewe. Mara tatu nimesimama, mara tatu umenilaza chali. Unakumbuka kura ya mlolongo? Mstari wa waliosimama nyuma yako ulizunguka shule nzima. Wangu ulikuwa mfupi hata mbwa hakuhitaji kuuzunguka. Halafu nikamwona ndugu wa mke wangu katika mstari wako, akinipungia mkono kwa furaha, kana kwamba tumekutana sokoni.

Na ule mkutano wangu wa kwanza tulipopata vyama vingi! Nilifika kituoni alasiri, nikakuta watu wamejaa. Nikajiambia, leo Arap Lelei amekwisha. Nikapanda juu ya meza na kuanza kukuchambua: mbunge wa miaka yote hii, barabara yake ni ya mdomo! Watu walikuwa kimya, wakisikiliza kabisa. Ghafla lori likapiga honi kwenye kona. Kumbe walikuwa wakilisikilizia lori. Wote wakanyanyua vikapu wakaenda kwenye mizani, nikabaki na mbuzi mmoja, naye alikuwa anakula bango langu.

Nawe ulikuwa pale pale kwenye foleni, mheshimiwa mzima, kikapu mgongoni, nyuma ya akina mama. Hukuwahi kumtuma mtu akupelekee majani. Zamu yako ilipofika, karani akatia mkono kikapuni, akatoa majani yaliyokomaa, akayamwaga chini. "Mheshimiwa, haya pelekea ng'ombe." Watu wakavunjika mbavu. Ukapiga magoti kwenye vumbi ukayachambua, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi karani akaridhika. Lori lilipoondoka ndipo ukainua mkono: "Sasa mwacheni mwenzangu amalize kunitukana."

Nilisahau hata nilikuwa nimefika wapi.

Tukirudi nyumbani pamoja uliniambia, "Wewe, mtu mwenye majani yanayonyauka mgongoni hana masikio. Ngoja lori." Ulimfunza mpinzani wako kazi, na bado ukamshinda. Hiyo nayo ni dharau.

Kuna jingine sikukuambia. Ule wakati mbaya, majirani walipogeukiana, ulichukua kiti ukaketi mlangoni mwa duka la Mwangi, ambaye si wa kabila letu, pale Roret. Ukanywa chai yake mchana kutwa, ukiwasalimia vijana wenye mishale mmoja mmoja kwa jina la baba yake. Duka halikuguswa. Wengi wa kwetu walikununia, na watu wangu wakataka nikachochee jambo hilo jukwaani. Niliwaambia atakayelitaja atafute mgombea mwingine. Hiyo ndiyo hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, na hukuisikia.

Basi nitawaambia nini Ijumaa? Tuliingia jandoni pamoja, Arap Lelei. Kuketi mahali pako ni kama kuvaa koti lako lingali na joto lako ndani yake.

*

Ijumaa, jioni.

Nimerudi. Niache nipumue.

Nilienda na suti na kikapu mgongoni. Ndiyo, cheka. Nikapanga foleni nyuma ya akina mama. Karani ni yule yule. Akatia mkono, akamwaga nusu nzima. "Mwalimu, wewe na marehemu mlifunzwa kuchuma na nani?" Nikapiga magoti na suti yangu. Wazee wakanitazama nikichambua. Nikangoja lori. Likapakia, likaondoka, likakwama palepale kwenye kona, na sote tukaenda kulisukuma. Matope nimeyaleta hadi nyumbani, na Mama Cheptoo amenipokea kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Tuliporudi, kogo mmoja, bibi mzee mwenye kikapu kitupu, akaniambia, "Haya, sasa sema."

Nikasema, "Nitasimama." Nikasema pia kwamba kona ile, ambayo nimekusema kwayo miaka yote, sasa nisemwe mimi. Walipiga makofi. Mimi nikageuka kutazama foleni, mahali pako, nikingoja unijibu. Nilingoja hadi wakadhani nimesahau hotuba.

Mwenzangu, nenda salama. Nakuahidi hili: siku lori litakapopita pale bila kusukumwa, nitakuja kaburini kwako kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote. Na likizidi kukwama, nitakuja vilevile, nikae hapo kando, nijitukane kwa niaba yako. Najua maneno yako yote.

Wako uliyemshinda,
Mwalimu