Mara Mbili kwa Siku

Jumatatu, 3 Juni 1996

Daftari hili limelala kabatini tangu Agosti, tulipomzika mke wangu kijijini kwetu, Mbooni. Naliomba radhi. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa nafasi. Sikutaka tu kuuona mwandiko wangu ukilieleza jambo lile.

Mwende, kitindamimba wangu, ametoka alfajiri kwenda kiwandani anakoshona mashati. Ameniachia binti yake, Ndunge. Mwaka mmoja na miezi minane. Nimemwogesha. Nimempaka dawa: usoni, viwikoni, nyuma ya magoti, matakoni. Nepi, kisha chupi ya plastiki juu yake. Jioni nitampaka tena. Mara mbili kwa siku. Ndivyo daktari alivyoandika Novemba, mtoto alipokuwa akijikuna hadi damu. Ukurutu. Baada ya wiki moja ngozi ilitulia. Tyubu ilipoisha, nilipeleka ganda lake duka la dawa. Mwuzaji hakuniuliza lolote. "Ni hii tu, mzee? Chukua. Hii ndiyo moto." Sasa tuko kwenye tyubu ya saba. Sijakosa hata siku moja.

Alhamisi, 6 Juni

Baridi. Tuliota jua mlangoni. Mama Akinyi wa nyumba ya pili alisimama na ndoo yake. Kwa kuwa mtoto ana jina la marehemu, yeye humwita mke wangu.

"Mwalimu, mke wako amenona! Mashavu kama maandazi! Unampa nini, na sisi tupike?"

Nilimwambia: uji na nidhamu. Alicheka hadi akashika ukuta.

Nilijivuna. Naandika ukweli. Mjane wa miaka sitini na sita, na mtoto mnono kuliko wote katika mstari wetu wa nyumba. Gauni lake la Krismasi bado linamfika magotini. Halijawa fupi. Mwende amefurahi kwamba litadumu.

Jumapili, 9 Juni

Nimefedheheka.

Baada ya ibada, Mama Syombua alimpokea Ndunge mikononi. Ni muuguzi mstaafu. Alimgeuzia uso kwenye mwanga. Akafunua paja. Kuna mistari myekundu pale. Nilikuwa nimeiona, nilidhani ni alama za mpira wa chupi.

"Mwalimu, mnampaka nini?"

Nikamtajia.

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Uso pia? Na ndani ya nepi? Ngai! Hiyo ni dawa kali, Mwalimu. Si ya uso wa mtoto, na si ya miezi. Kesho mapema mpeleke kwa daktari, na usije uka..."

Wanawake wote walikuwa wametugeukia. Nilimtwaa mtoto nikaondoka. Sikumngoja amalize.

Tyubu nimeitupa chooni. Kosa likijulikana huachwa papo hapo. Nimefundisha hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Hospitali ya nini tena? Mwende yuko zamu. Sitamwambia.

Jumanne, 11 Juni

Ngozi imewaka. Uso mzima, hata mahali ambapo hapakuwa na ukurutu. Nampaka mafuta ya mgando peke yake. Analia akiguswa. Mwende aliuliza dawa iko wapi. Nikasema imepumzishwa. Ni jibu la hila, na nalijua.

Alhamisi, 13 Juni

Mafua. Amekataa uji. Amelala mchana kutwa. Nilishukuru kwamba hajikuni.

Ijumaa, 14 Juni

Saa nne asubuhi alitapika. Mara tatu. Kisha akalegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa. Nilimwita, macho hayakunifuata. Mama Akinyi alikimbia barabarani akasimamisha pikapu ya muuza maziwa. Hakutania leo.

Hospitali wamemtia dripu. Mwende alikuja na aproni ya kiwandani, nyuzi zimemganda nyweleni. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 16 Juni

Yu hai. Amefungua macho. Ameomba maji.

Daktari ni mwanamke kijana, wa umri wa Mwende. Alitueleza polepole. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza kitu cha namna ya dawa ile. Mwili haukai bila hicho. Dawa kali ikipakwa kwa miezi, kwenye ngozi laini, chini ya plastiki, hupenya hadi damuni. Tezi huona kazi yao inafanywa na mwingine, zikalala. Yale mashavu hayakuwa afya. Gauni lilidumu kwa sababu mtoto hakurefuka. Nami nilipoacha ghafla, tezi zilikuwa bado zimelala. Mafua madogo yakatosha kumwangusha.

Hakunikemea. Aliuliza tu, "Mzee, nani alikuambia upake hadi lini?"

Hakuna aliyeniambia. Nami sikuuliza.

"Basi mngekuja kabla ya kuiacha," alisema.

Ndipo Mwende akanigeukia. "Baba, kuna mtu alikuwa amekuonya?"

Nilisema ndiyo. Jumapili iliyopita. Mama Syombua.

Mwende aliinuka. Alichukua kiti chake akakihamishia upande wa pili wa kitanda.

Alhamisi, 20 Juni

Ndunge amekula nusu ya ndizi.

Daktari alimfundisha Mwende. Mimi nilisimama dirishani nikasikiliza. Dawa dhaifu kwa uso, siku chache tu. Yenye nguvu kidogo kwa viwiko na magoti, hadi ngozi itulie, na tarehe ya mwisho iandikwe. Tabaka jembamba. Dawa inayotoka kwenye tyubu kama uzi, kuanzia ncha ya kidole cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu huyo mzima. Mafuta ya mgando kila siku, hasa akitoka kuoga. Hakuna plastiki. Kisha tembe za kusaidia zile tezi. Zitapunguzwa na daktari mwenyewe, asiziache hata akionekana mzima. Akipata homa au akitapika, arudishwe siku hiyo hiyo.

Mwende aliuliza kama si heri kuziacha kabisa dawa za kupaka. Daktari alikataa. Alisema amewalaza watoto ambao wazazi wao waliiogopa dawa hadi ngozi ikatunga usaha mwili mzima. Ikipimwa na kusimamiwa, dawa hii ni njema.

Mama Syombua alikuja kumtazama mgonjwa. Nilimwomba radhi mbele ya wodi nzima, kwa kuwa nilimdharau mbele ya kanisa zima. Nikamwuliza kwa nini hakunifuata nyumbani amalize maneno yake.

"Nilitaka, Mwalimu," alisema. "Nilikuogopa."

Jumatano, 26 Juni

Ndunge ametoka hospitalini. Hakurudi kwangu Jericho. Mwende amehamia naye mtaa wa Tena, kwa dada yake Nduku, ambaye hushona nyumbani na anaweza kumwangalia mtoto mchana.

Nduku alinisindikiza hadi langoni. Alisema bila kuzunguka. "Baba, hatukuchukii. Lakini wewe umezoea kutuambia. Kuambiwa hujazoea."

Ni kweli. Nilirudi kwa miguu. Nyumba hii ina vyumba viwili, na leo vyote ni vikubwa.

Jumatano, 3 Julai

Mama Akinyi ameleta samaki. Aliuliza habari za mke wangu, kisha akaona uso wangu akaziba mdomo. Nilimwambia asiache kumwita hivyo. Nililia alipoondoka. Sikulia hivi Agosti.

Jumapili, 14 Julai

Nimetoka kwa Nduku sasa hivi. Kidevu cha Ndunge kimeanza kuonekana. Ana sura nyingine, ndogo, yenye macho makubwa. Ni yake. Miezi yote ile nilikuwa simjui.

Aliponiona alishika gauni la mamake. Sikumlazimisha. Nilikaa kwenye kigoda nikatulia. Baadaye alikuja mwenyewe akanipa kifuniko cha sufuria. Akakitwaa. Akanipa tena.

Mwende alitoka kuanika nguo, akatuacha sisi wawili. Mlango aliuacha wazi, na kila baada ya nguo mbili tatu alichungulia. Ana haki.

Hajaamua kama mtoto atarudi kwangu au atabaki kwa Nduku. Alhamisi wana kliniki; anataka kumsikia daktari kwanza. Nilikuwa na hoja zangu tayari, nne, nimezipanga njiani. Sikutoa hata moja.

Akiamua, nitaandika hapa, hata kama ni sentensi moja.